Chai ya Wajapani: Utulivu hauko kwenye unga wa kijani

Mgeni anayealikwa chai ya kimila nchini Japani haletewi bakuli mara tu anapofika. Kwanza hunawa mikono na kusukutua kinywa bustanini. Kisha huvua viatu, huingia chumbani, huketi sakafuni, hula kitu kitamu na kusubiri. Chai yenyewe ikija ni mafunda matatu au manne tu. Kikao kifupi huchukua kama saa moja. Kile kamili, chenye chakula na chai za aina mbili, kinaweza kufika saa nne.

Wajapani huuita utaratibu huu chanoyu, yaani maji ya moto ya chai, au sado, njia ya chai. Kinachonywewa ni matcha, majani ya chai ya kijani yaliyosagwa yakawa unga laini. Miaka ya karibuni unga huo umetoka kwenye vyumba hivyo tulivu na kuingia mikahawani na mitandaoni. Wazazi wengi wameuona kwenye simu zao ukinadiwa kwamba hupunguza uzito, hutuliza akili, hata humsaidia mtoto kuwa makini darasani.

Hapo ndipo penye la kujifunza na la kujihadhari. Utulivu anaoondoka nao mgeni wa chai ya Japani hautokani sana na unga. Unatokana na namna alivyopokewa: muda aliopewa, mpangilio uliofuatwa na mtu aliyemkabili bila kufanya jambo jingine lolote. Hayo hayauzwi dukani, na mzazi anaweza kuyafanya nyumbani bila gharama. Unga wenyewe haumfai mtoto mdogo.

Ilianza kama dawa

Chai iliingia Japani kutoka China. Aliyeipa nguvu mpya ni mtawa wa Kibudha, Eisai, aliyerudi kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai na ujuzi wa kunywa chai ya unga. Mwaka 1211 aliandika kitabu kiitwacho Kissa Yojoki, kinachohusu kunywa chai kwa ajili ya kulinda afya. Mwaka 1214 alimpelekea mtawala wa kijeshi, Minamoto no Sanetomo, ambaye pombe ya usiku ilikuwa imemwacha hoi. Kwa hiyo matangazo ya leo yanayoisifu matcha kuwa dawa yana babu yao wa zaidi ya miaka 800.

Baadaye chai ikawa fahari ya wakubwa. Matajiri na mabwana wa vita walikusanya vyombo vya thamani kutoka China, wakavionyesha mbele ya wageni, na palikuwa hata na mashindano ya kubahatisha chai imetoka shamba gani. Walioirudisha kwenye unyenyekevu ni walimu watatu waliofuatana: Murata Juko, Takeno Joo na Sen no Rikyu.

Rikyu alizaliwa mwaka 1522 katika mji wa biashara wa Sakai. Aliwatumikia watawala wawili wakubwa wa zama zake, Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi, akiwa bingwa wao wa chai. Alipendelea mabakuli ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono kuliko vyombo vya kung'aa. Chumba cha Tai-an kilichopo Yamazaki, karibu na Kyoto, ambacho huhesabiwa kuwa kazi yake, kina mikeka miwili tu ya tatami, eneo lisilofika mita nne za mraba. Leo ni hazina ya taifa.

Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue, na sababu inajadiliwa hadi leo. Njia yake haikufa naye. Vitukuu vyake vilianzisha nyumba tatu za kufundisha chai, Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke, ambazo bado zinafundisha Japani na nje ya Japani.

Saa moja ndani ya chumba

Anayetaka kuona utaratibu huu leo hahitaji kuwa tajiri wala kujua Kijapani. Kyoto ina sehemu nyingi zinazopokea wageni kwa kikao kifupi. Mji jirani wa Uji, unaosifika kwa chai bora, una nyumba ya chai ya manispaa iitwayo Taihoan, karibu na hekalu la Byodoin.

Safari huanzia kwenye njia ya bustani yenye mawe ya kukanyagia. Pembeni kuna beseni la jiwe lenye maji. Mgeni huchota kwa kata ya mwanzi, ananawa mkono mmoja, kisha wa pili, na kusukutua kinywa. Usafi ni moja ya nguzo nne za chai ya Japani. Nyingine ni maelewano, heshima na utulivu.

Vyumba vingi vya mtindo wa Rikyu vina mlango mdogo wa wageni, wenye kimo cha sentimita 66 hivi. Hakuna anayeweza kuupita akiwa amesimama. Zamani hata bwana mwenye jeshi aliacha upanga nje, akainama na kuingia kwa magoti kama wenzake. Siku hizi wageni huvua pete na saa ili wasikwaruze vyombo, na simu huzimwa. Kwenye vikao vya watalii mwenyeji huweza kuruhusu picha, lakini huombwa kwanza.

Ndani hakuna mapambo mengi. Kuna kidaka kikubwa ukutani chenye maandishi yaliyoning'inizwa na ua au maua machache. Wageni huvitazama kwa zamu kabla ya kuketi, kwa kuwa mwenyeji amevichagua kwa ajili ya siku hiyo na wageni hao.

Kuketi kwenyewe ni mtihani. Mgeni hupiga magoti na kukalia visigino, na asiyezoea huanza kuhisi ganzi baada ya dakika chache. Mwenye magoti mabovu, mjamzito au mzee hana sababu ya kujitesa. Upo utaratibu wa meza na viti uliobuniwa na mkuu wa nyumba ya Urasenke mwaka 1872, wakati Kyoto ilipokuwa ikijiandaa kupokea wageni wa kigeni kwenye maonyesho. Wenyeji wengi pia humruhusu mgeni kukunja miguu anavyoweza.

Kitamu huja kabla ya chai. Mara nyingi ni andazi laini dogo lililotengenezwa kwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, likapewa umbo la ua au jani la msimu. Huliwa lote kwanza, ili utamu ubaki mdomoni wakati uchungu wa chai unapofika. Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaotangulia na kashata au halua kisha kahawa chungu, hawatahitaji kuelezwa maana yake.

Kisha mwenyeji huanza kazi. Anafuta kijiko na chombo cha unga kwa kitambaa cha hariri, ingawa vyote vilishasafishwa. Anachota maji ya moto kutoka kwenye chungu cha chuma kilicho juu ya makaa, analipasha bakuli na kuyamwaga. Anaweka unga kama gramu mbili, anaongeza maji kidogo yenye joto la nyuzi 80 hivi, na kukoroga haraka kwa kichapio kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi, chenye nyuzi nyembamba nyingi kama brashi. Kwa dakika kadhaa hakuna anayezungumza. Kinachosikika ni maji yanayochemka na kichapio kikigusa bakuli.

Bakuli likifika, mgeni humwomba radhi aliye pembeni yake kwa kutangulia, na kumshukuru mwenyeji kwa kuinama. Huliweka kwenye kiganja cha kushoto, hulishika kwa mkono wa kulia na kulizungusha kidogo ili asinywe upande wa mbele, ulio mzuri zaidi. Funda la mwisho huvutwa kwa sauti, ishara kwamba chai imekwisha. Huko hiyo ni adabu. Kisha hufuta ukingo kwa vidole, hulirudisha bakuli lilivyokuwa na kulitazama kwa karibu.

Chai hii nyepesi kila mgeni hupewa bakuli lake. Ile nzito, inayotolewa kwenye vikao kamili, kwa desturi huzunguka kwa bakuli moja kati ya wageni wote. Wakati wa janga la Uviko-19, wenyeji wengi walitenganisha mabakuli, na mgeni mwenye kikohozi hufanya vyema kuuliza kabla.

Ua moja kidakani

Kuna kisa ambacho walimu wa chai hupenda kukisimulia. Hideyoshi alisikia kwamba bustani ya Rikyu imejaa maua mazuri yanayochanua alfajiri, akaomba kualikwa. Alipofika hakukuta hata ua moja. Yote yalikuwa yamekatwa. Akaingia chumbani amekasirika, na kidakani akaliona ua moja tu, lililo bora kuliko yote.

Kisa hicho hueleza vizuri kinachofanyika kwenye chumba cha chai. Vitu hupunguzwa ili kinachobaki kionekane. Hakuna redio, hakuna runinga, hakuna vyakula kumi mezani. Yupo mwenyeji, wapo wageni wachache na bakuli moja linalotengenezwa mbele yao.

Kisa kingine kinamhusu mtu aliyemuuliza Rikyu siri ya chai. Akajibiwa mambo ya kawaida kabisa: tengeneza chai inyweke vizuri, panga makaa maji yachemke, chumba kiwe na ubaridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi, wahi, jiandae hata kwa mvua isiyotarajiwa, wajali wageni. Muulizaji akasema hayo anayajua tayari. Rikyu akamwambia kwamba kama anaweza kuyatenda yote bila kukosea, yeye Rikyu atakuwa mwanafunzi wake.

Wazazi pia hujua mengi wanayopaswa kufanya. Anayemsikiliza mtoto huku anajibu ujumbe kwenye simu hakosi elimu ya malezi. Anajua. Kinachomshinda ni kutenga robo saa na kuilinda.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija, nyumba hufagiwa, vyombo vizuri hutolewa kabatini, watoto huambiwa wanyamaze mtu mzima anapozungumza. Heshima hiyo yote hupewa wa nje. Chumba cha chai cha Kijapani kinamwachia mzazi swali: ni lini mara ya mwisho mtoto wa nyumbani alipokewa kama mgeni, akaulizwa habari zake na kungojewa amalize kujibu?

Kilichomo kwenye bakuli

Matcha hutokana na mmea uleule unaolimwa Mufindi, Rungwe, Lushoto na Kericho. Tofauti iko kwenye utunzaji. Wiki tatu hivi kabla ya kuvunwa, mashamba hufunikwa ili kuzuia jua. Majani yanayovunwa hupigwa mvuke mara moja ili yasigeuke rangi, hukaushwa, huondolewa mishipa na kusagwa. Jiwe la kusagia la kimila hutoa takriban gramu 40 tu kwa saa, na hiyo ni sehemu ya sababu ya bei yake kuwa juu.

Kwa kuwa anayekunywa matcha hunywa jani zima na si maji yake tu, hupata vingi zaidi vilivyomo kwenye jani, kafeini ikiwemo. Gramu moja inaweza kuwa na kafeini kati ya miligramu 19 na 44. Bakuli la gramu mbili basi linaweza kuwa na miligramu 38 hadi 88. Kwa kulinganisha, kikombe cha chai nyeusi cha mililita 220 huwa na takriban miligramu 50.

Ndani yake kuna pia theanini, inayohusishwa na utulivu wa akili, na kufunika mashamba huiongeza. Lakini tafiti nyingi zilizopima theanini zilitumia kiasi kikubwa kuliko kinachopatikana kwenye bakuli moja. Anayesema bakuli moja la matcha litamtuliza mtoto mtundu anasema kisichothibitishwa. Huenda kafeini ikafanya kinyume: moyo kwenda mbio, mtoto kukosa usingizi na asubuhi kuamka amechoka.

Kuhusu kupunguza uzito, chai ya kijani haijaonyesha matokeo makubwa yanayostahili sifa inazopewa. Hatari zaidi ni vidonge vya dondoo la chai ya kijani. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali iitwayo EGCG, zikitoka kwenye vidonge, zinaweza kuambatana na dalili za kuumia kwa ini. Chai iliyotengenezwa kwa njia ya kawaida haikuwekwa kwenye kundi hilo.

Mjamzito na mtoto

Mamlaka hiyohiyo ya Ulaya inaona miligramu 200 za kafeini kwa siku kutoka vyanzo vyote kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mjamzito. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mjamzito anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze. Bakuli moja la matcha halimtishi mjamzito mwenye afya, lakini likiongezwa juu ya vikombe vitatu vya chai na soda ya kola, hesabu hubadilika.

Kwa watoto, kiwango kinachotajwa na Ulaya ni miligramu tatu kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 15 hufikia ukomo huo kwa miligramu 45. Bakuli moja la matcha linaweza kumvusha. Wajapani wenyewe huwapa watoto wadogo kinywaji kingine, mugicha, kinachotengenezwa kwa shayiri iliyokaangwa. Kinaitwa chai lakini hakina jani la chai wala kafeini.

Suala hili linagusa nyumba nyingi ambazo hazijawahi kuiona matcha. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki mtoto huanza kupewa chai ya rangi mapema, mara nyingi na mkate au andazi, kabla hata hajatembea. Chai ina tanini zinazoshika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, na kufanya mwili uyapate kidogo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015/16, zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walikutwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, zikiwemo malaria na minyoo, na chai haibebi lawama yote. Lakini ni moja ya mambo ambayo mzazi anaweza kuyabadilisha leo jioni.

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee. Mkubwa zaidi anafaidika na maziwa, uji ulioboreshwa, maji safi na matunda. Chungwa au embe pamoja na mlo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Mtu mzima mwenye upungufu wa damu, hasa mjamzito anayemeza vidonge vya madini hayo, aache nafasi ya angalau saa moja kati ya chai na mlo au vidonge.

Chai ipoe kwanza

Jambo jingine linaloonekana kwenye chumba cha chai ni kwamba hakuna anayenywa maji yanayochemka. Maji ya nyuzi 80 hupungua joto yakiingia kwenye bakuli na kukorogwa.

Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa WHO waliweka unywaji wa vinywaji vya moto sana, vyenye zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani ya umio, njia ya kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tatizo liko kwenye joto, si kwenye chai yenyewe. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi, una wagonjwa wengi wa saratani hiyo, na watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wakiinywa kwa joto la wastani wa zaidi ya nyuzi 65. Kinywaji cha moto si sababu pekee inayochunguzwa. Hata hivyo, kusubiri dakika chache kikombe kipoe hakumgharimu mtu chochote, na mtoto akimwona baba yake akisubiri naye atasubiri.

Cha kufanya nyumbani

Hakuna haja ya kununua kichapio cha mwanzi wala kuigiza Ujapani sebuleni. Kinachofaa kuchukuliwa ni mpangilio, na unaweza kufanyika kwa nusu saa mara moja kwa wiki.

Kwanza, chagua muda ambao hauna haraka, mfano Jumapili jioni. Simu zote, ya mama na ya baba zikiwemo, ziwekwe chumba kingine. Runinga izimwe. Mtoto hataamini kwamba ni muda wake kama kuna skrini inayowaka pembeni.

Pili, kinywaji kiwe kimoja na kiwe salama kwa wote. Mchaichai hauna kafeini. Maji ya ukwaju, maziwa au maji yenye limao yanafaa. Chagueni vikombe vizuri, vile vya wageni.

Tatu, mtoto awe mwenyeji kwa zamu. Apange vikombe, achague ua la kuweka mezani, akaribishe. Lakini maji ya moto yashikwe na mtu mzima. Chai na maji ya moto huunguza watoto wengi majumbani, na mtoto wa miaka sita hapaswi kubeba birika kwa sababu ya mchezo wowote. Yeye amimine kinywaji kilichopoa.

Nne, fuateni utaratibu uleule kila mara: kunawa, kuketi, kitu kidogo cha kula, kukaribishana, kunywa, kushukuru. Watoto hupenda kujua kinachofuata. Kitafunwa kiwe kidogo, kwa kuwa hata Wajapani hutoa kitamu kimoja tu.

Tano, mzazi asigeuze muda huo kuwa kikao cha maonyo. Alama za mtihani na shati lililochafuka vina wakati wake. Hapa mtoto aulizwe, kisha aachwe amalize. Akinyamaza, anyamaziwe. Kwenye chumba cha chai ukimya hauhesabiwi kuwa kosa, na mtoto mwenye jambo zito mara nyingi husema baada ya kimya.

Mwenye watoto wanne na kazi mbili anaweza kuona nusu saa ni nyingi. Aanze na dakika kumi na mtoto mmoja, wiki ijayo mwingine. Utafiti wa nchi mbalimbali umehusisha familia kula pamoja mara kwa mara na watoto kula vyakula bora zaidi. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba meza ndiyo sababu, lakini mzazi anayeketi na mtoto huona mapema mengi: aliyepoteza hamu ya kula, anayekohoa kwa wiki ya tatu, aliyeacha kumtaja rafiki yake wa shule.

Wajapani wana msemo unaotumika sana kwenye chai, ichigo ichie, yaani kukutana mara moja katika maisha. Hata watu walewale wakikutana tena kesho katika chumba kilekile, kikao cha leo hakitarudi, kwa hiyo mwenyeji hukiandaa kana kwamba hakuna kingine. Mtoto wa miaka saba anayetaka kusimulia alichokiona njiani akitoka shule atafikisha minane mwaka ujao, na huenda asitake tena kusimulia. Jumapili hii bado anataka.